Kupima Makala ya Ensaiklopidia juu ya Vita vya Baharini: Mifano Miwili ya Bandari ya Unguja, 1896 na 1914

Ikisiri

Makala ya ensaiklopidia hunakiliwa na walimu na wanafunzi, na aghalabu huwa ndiyo maelezo ya kwanza na ya mwisho ambayo msomaji wa kawaida huyapata kuhusu tukio la kihistoria. Pamoja na hayo, ni nadra makala hayo kuhakikiwa kama matini. Hapa tunapendekeza maswali manne ya kuyapimia makala ya ensaiklopidia juu ya vita vya baharini: swali la jina, la saa, la pande na la hesabu. Mfano mkuu ni kupigwa mizinga kwa mji wa Unguja tarehe 27 Agosti 1896. Mfano wa kulinganishia ni kuzamishwa kwa manowari Pegasus katika bandari hiyo hiyo tarehe 20 Septemba 1914. Tunadai kuwa ubora wa makala ya namna hii haupimwi kwa wingi wa tarakimu zilizomo, bali kwa jinsi yanavyoonyesha kila tarakimu imehesabiwa na nani na imemwacha nani nje.

1.0 Utangulizi

Wapo wanaoeleza kuwa jina la Bububu, kitongoji kilichoko kaskazini ya mji wa Unguja, limetokana na mlio wa garimoshi lililokuwa likienda huko kutoka mjini. Maelezo haya yanapendeza, ni rahisi kuyakumbuka, na kwa sababu hiyo yamesafiri mbali. Hata hivyo hayastahimili jaribio dogo la tarehe. Reli ya Bububu ilijengwa mwaka 1905. Sayyida Salme binti Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, anaitaja Bububu kwa jina hilo hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, tena kama mahali alipopata kuishi. Kwa ushahidi wa maandishi peke yake, basi, jina limelitangulia garimoshi kwa miaka 19, na kwa kumbukumbu za mwandishi limelitangulia kwa takriban miaka 40.

Tumeanza na mfano huu mdogo kwa makusudi. Unaonyesha kuwa kosa linaloenea sana si lazima liwe kosa la uzembe. Mara nyingi ni maelezo yanayoridhisha kiasi kwamba hakuna anayeona haja ya kuyauliza. Iwapo jina la kitongoji kimoja limepata bahati hiyo, hapana budi tutazamie kuwa tukio kubwa, lililotokea mwendo mfupi tu kusini ya hapo mbele ya majumba ya masultani, nalo limepambwa na maelezo ya aina hiyo. Tukio hilo ni lile la tarehe 27 Agosti 1896, ambalo ulimwenguni linajulikana zaidi kwa ufupi wake kuliko kwa maana yake.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wanafunzi wa Kiswahili. Ensaiklopidia ya mtandaoni ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003, na makala mengi ya kumbukumbu katika lugha yetu hutungwa kwa kufasiri makala ya Kiingereza. Mfasiri hupokea maneno, na pamoja na maneno hupokea mtazamo. Kazi ya mhakiki ni kuvitenga viwili hivyo.

2.0 Matini ya Mfano

Hatukusudii kuihukumu ensaiklopidia moja maalumu. Ili tupate kitu cha kushika, tumetunga wenyewe matini fupi ambayo inakusanya maelezo yanayorudiwarudiwa juu ya tukio hili, pamoja na kosa moja la tafsiri ambalo ni rahisi mno kutendeka:

"Vita vya Uingereza na Zanzibar vilipiganwa tarehe 27 Agosti 1896, saa 9 asubuhi, na vilikwisha baada ya dakika 38. Ndivyo vita vifupi kuliko vyote katika historia. Vilisababishwa na Khalid bin Barghash kunyakua kiti cha usultani. Manowari za Uingereza ziliizamisha manowari ya Zanzibar, Glasgow, na kulibomoa jumba la Sultani. Zanzibar ilipoteza watu 500. Uingereza ilipata majeruhi mmoja."

Msomaji mwenye haraka hataona kasoro. Sentensi ni fasaha, tarakimu zipo, tarehe ni sahihi. Makala yangeweza kupita mbele ya mhariri bila ya kuguswa. Hata hivyo, karibu kila sentensi ina jambo la kuulizwa.

3.0 Maswali Manne

3.1 Swali la Jina

Kiswahili kina maneno kadhaa ambayo mfasiri anaweza kuyachagua hapa: vita, mapigano, shambulio, na usemi "kupigwa mizinga". Maneno haya si visawe. Vita huchukuliwa kuwa ni uhasama baina ya pande mbili ambao huweza kuwa na mapigano mengi ndani yake. Mapigano ni tendo moja la kupigana, ambalo kiambishi cha kutendana kinalihesabu kuwa la pande zote mbili. Shambulio humtaja anayeanza. Usemi "mji ulipigwa mizinga" humtaja anayepigwa.

Matini ya mfano imechagua "vita". Uchaguzi huo ndio unaowezesha sentensi ya pili, ile ya ufupi kuliko wote, kwa kuwa hakuna atakayestaajabia shambulio kuwa la dakika 38. Mashambulio mengi ni mafupi kuliko hivyo. Kwa maneno mengine, sifa iliyolipa tukio hili umaarufu haimo katika tukio, bali imo katika nomino iliyotumika kulitajia. Hatusemi kuwa neno "vita" ni kosa. Bendera zilikuwa mbili na mizinga ilisikika kutoka pande zote mbili. Tunasema kuwa makala bora yangemwambia msomaji kuwa jina hilo ni uamuzi, na yangeacha mashindano ya ufupi kwa vitabu vya rekodi na maajabu.

Je, tukio hili linastahili kuwekwa chini ya vita vya baharini? Kwa sehemu, ndiyo. Meli ya Sultani, Glasgow, iliifyatulia mizinga meli ya amiri, St George, nayo ikajibiwa na kuzamishwa. Mashua mbili za moshi nazo zilizamishwa na manowari Thrush. Lakini kuiita Glasgow "manowari ya Zanzibar" bila ya maelezo ni kulikuza jambo. Glasgow ilijengwa mwaka 1878 huko Dumbarton, Uskochi, kwa amri ya Sayyid Barghash, miaka michache baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangamiza merikebu zake. Ilikuwa meli ya fahari ya Sultani yenye mizinga midogo. St George ilikuwa manowari kubwa ya kivita iliyoshushwa majini mwaka 1892, na pamoja nayo zilikuwako Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow. Neno moja, "manowari", likitumika kwa vyombo vyote hivi, huwafanya wasiolingana waonekane sawa.

3.2 Swali la Saa

Kosa lililo wazi zaidi katika matini ya mfano ni "saa 9 asubuhi". Katika hesabu ya saa ya Waswahili hakuna saa 9 ya asubuhi. Saa 9 ni ya alasiri au ya usiku wa manane. Muda wa onyo la Waingereza ulimalizika saa 3 kamili asubuhi, na mizinga ilianza kulia dakika 2 baadaye. Mfasiri aliyeihamisha tarakimu bila ya kuigeuza amelisogeza tukio kwa saa sita. Hili si suala la usahihi tu. Watu waliokuwamo ndani ya jumba na katika vichochoro vya Shangani na Malindi walikuwa wakiihesabu siku kwa jua, na kwao ilikuwa saa 3. Makala ya Kiswahili yanayotumia saa ya kigeni yanamhesabia mwenyeji siku yake kwa saa ya manowari.

Vivyo hivyo urefu wa tukio. Tarakimu 38, 40 na 45 zote zimetumika, na msomaji huachwa adhani kuwa moja ni kweli na nyingine ni makosa. Sivyo. Anayehesabu tangu mzinga wa kwanza, saa 3 na dakika 2, hadi bendera ya jumbani ilipoanguka na amri ya kusitisha kutolewa, kiasi cha saa 3 na dakika 40, hupata dakika 38. Anayeanzia mwisho wa onyo hupata 40. Anayesogeza mwisho mbele kidogo hupata 45. Tofauti imo katika swali, haimo katika saa. Makala bora hayachagui tarakimu ya kupendeza, bali husema yanapima kutoka wapi hadi wapi.

Tena kuna muda ambao tarakimu hizi zote zinauacha nje. Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid akaingia jumbani siku hiyo hiyo. Siku mbili za kujihami, kupeleka ujumbe na kungoja ni sehemu ya tukio. Hali kadhalika ni sehemu ya tukio kukimbilia kwa Khalid katika ubalozi wa Ujerumani, alikokaa hadi tarehe 2 Oktoba 1896 alipochukuliwa na manowari ya Kijerumani Seeadler kwenda Dar es Salaam. Kwa anayeanza na maiti ya Sultani na kumaliza na safari ya Khalid, tukio lilichukua zaidi ya wiki tano.

3.3 Swali la Pande

Jina "Vita vya Uingereza na Zanzibar" linaashiria kuwa Waingereza walisimama upande mmoja na Wazanzibari upande wa pili. Makala ya ensaiklopidia huuthibitisha mpango huo kwa jedwali la safu mbili: huku majemadari, huku majemadari, huku majeshi, huku majeshi. Jedwali ni chombo kizuri cha kufupisha, lakini lina tabia ya kuwapanga watu sawasawa hata pale ambapo hawakujipanga hivyo.

Ukweli ni kuwa upande wa Waingereza walikuwako askari wapatao 900 wa jeshi la serikali ya Zanzibar lililoongozwa na Lloyd Mathews, ambao siku hiyo walikuwa chini ya amri ya Arthur Raikes. Ndani ya jumba, miongoni mwa watu wapatao 2,800 wanaotajwa, walikuwamo askari, watumishi, watumwa na raia waliopewa silaha. Mzanzibari, basi, alikuwako pande zote mbili, na baharini na nchi kavu. Makala yasiyolitaja jambo hili hayajasema uongo, ila yamemnyima msomaji ufunguo wa kuielewa siasa ya Unguja ya wakati huo.

Kitenzi "kunyakua" nacho ni cha upande mmoja. Kwa Konseli Basil Cave na Admeri Harry Rawson, mtawala wa nchi iliyokuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890 hakuweza kukalia kiti bila ya idhini ya mwakilishi wao. Kwa wafuasi wa Khalid, mwana wa Sayyid Barghash aliyetawala toka 1870 hadi 1888 alikuwa na haki isiyopungua ya mwingine yeyote. Khalid alijibu kuwa hakusudii kuiteremsha bendera yake wala haamini kuwa manowari zitampiga. Jibu hilo tunalipata kupitia taarifa za Waingereza wenyewe, na hilo pia linafaa kusemwa. Mwandishi wa ensaiklopidia hatakiwi kuamua kesi hii baada ya zaidi ya karne moja. Anatakiwa kuwa na kitenzi kisichoiamua kabla ya kuieleza: "aliingia jumbani na kujitangaza Sultani".

3.4 Swali la Hesabu

Hapa ndipo penye uzito wa mjadala wetu. "Zanzibar ilipoteza watu 500." Taarifa zinazotajwa zinasema watu wapatao 500, wanaume na wanawake, waliuawa au kujeruhiwa. Matini ya mfano imewachanganya wafu na majeruhi, na imeliondoa neno "wapatao". Kwa kufuta neno hilo moja, makadirio yamegeuka kuwa hesabu.

Tulinganishe na tarakimu nyingine za siku hiyo. Inaelezwa kuwa Waingereza walifyatua makombora yapatayo 500, risasi za bombomu 4,100 na risasi za bunduki 1,000. Majeruhi wao alikuwa mmoja, baharia mwenye cheo wa manowari Thrush. Mpangilio huu unajieleza. Risasi zilikuwa mali ya serikali na zilihitaji kutolewa hesabu hata kwa mamia. Majeruhi wa Thrush alikuwa na cheo na chombo. Watu wa jumbani walikadiriwa kwa jumla moja, bila ya kutengwa waliokufa na waliopona, mtumwa na mwungwana, askari na mpishi. Hatuna sababu ya kumlaumu mwandishi wa leo kwa kuwa hana majina yao. Tuna sababu ya kumlaumu iwapo ataiandika 500 kwa uhakika ule ule anaoiandikia 4,100.

4.0 Mfano wa Kulinganishia: 1914

Miaka 18 baadaye bandari hiyo hiyo ilishuhudia mapigano ambayo hakuna anayebisha kuwa yalikuwa ya baharini. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga ikitengenezwa mitambo yake. Königsberg ilikuwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5 iliyofika mbali. Ilipiga kutoka umbali wa kilomita zipatazo nane, na mizinga ya Pegasus, iliyoshushwa majini mwaka 1897, haikuweza kuifikia. Pegasus ilizama siku hiyo hiyo. Mabaharia 38 waliuawa na 55 walijeruhiwa. Königsberg ilikwenda kujificha katika delta ya Rufiji, ambako iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915.

Makala ya ensaiklopidia juu ya tukio hili ni rahisi zaidi kuyaandika vizuri, na sababu yake inafunza. Wafu wametengwa na majeruhi. Baadhi ya waliokufa wamezikwa Chapwani, kisiwa kidogo kilichoko mbele ya mji, na makaburi yao yanatunzwa. Mtafiti anayetaka kuihakiki tarakimu ana pa kuanzia. Waliouawa mwaka 1896 ni watu wa mji uo huo, na huenda walikuwa wengi zaidi, lakini hawana ukuta wa majina. Mtu akiziweka makala hizi mbili bega kwa bega ataona kuwa tofauti ya ubora baina yake haitokani na ustadi wa waandishi peke yake. Inatokana na nani aliyeonekana kustahili kuhesabiwa siku ya tukio. Mhakiki asiyelijua hili ataisifu makala ya pili kwa ukamilifu na kuilaumu ya kwanza kwa upungufu, ilhali upungufu wenyewe ni habari ya kihistoria ambayo makala ya kwanza yalipaswa kuitoa.

Izingatiwe pia kuwa tarakimu 38 imejitokeza mara mbili, mara moja kama dakika na mara moja kama maiti. Mwanafunzi anayekariri tarakimu bila ya vipimo vyake yumo hatarini.

5.0 Matini Iliyosahihishwa

Kutokana na maswali hayo manne, tunapendekeza matini mbadala. Ni ndefu kidogo kuliko ile ya awali, lakini bado ni ya ensaiklopidia:

"Tarehe 27 Agosti 1896 manowari tano za Uingereza ziliyapiga mizinga majumba ya Sultani katika mji wa Unguja. Siku mbili kabla, baada ya kufariki kwa Sayyid Hamad bin Thuwaini, Khalid bin Barghash aliingia jumbani na kujitangaza Sultani, jambo ambalo Uingereza, yenye himaya tangu 1890, ililikataa. Mizinga ilianza saa 3 na dakika 2 asubuhi na kusita kiasi cha saa 3 na dakika 40. Glasgow, meli ya Sultani iliyojengwa 1878, ilijibu na kuzamishwa. Mabaharia wake waliokolewa. Jumba la Beit al-Hukm liliteketea. Askari wa Zanzibar wapatao 900 walikuwa upande wa Waingereza. Waliokufa na kujeruhiwa jumbani wanakadiriwa kuwa 500 kwa jumla. Taarifa hazikuwatenga wala kuwataja majina. Uingereza ilipata majeruhi mmoja. Sayyid Hamoud bin Muhammed alitawazwa siku hiyo hiyo. Khalid alihamia Dar es Salaam, alitekwa na Waingereza mwaka 1916, akapelekwa uhamishoni, na kufariki Mombasa mwaka 1927. Tukio hili aghalabu huitwa vita vifupi kuliko vyote."

Sifa ya ufupi haikufutwa. Imewekwa mwisho, nayo imetajwa kuwa ni neno la watu. Aidha, hakuna tarakimu hata moja iliyoachwa bila ya kipimo.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa uhakiki wa makala ya ensaiklopidia ni kazi ya kiisimu kama ulivyo kazi ya kihistoria. Uchaguzi wa nomino, kitenzi, saa na neno dogo kama "wapatao" hubeba hukumu ambazo mwandishi mwenyewe huenda hakuzikusudia. Mfasiri wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuzigundua, kwa kuwa hulazimika kusimama mbele ya kila neno na kuuliza linaitwaje kwetu.

Mashahidi wa macho wa mwaka 1896 wamekwisha. Milingoti ya Glasgow, iliyobaki ikichungulia juu ya maji ya bandari, iliondolewa mwaka 1912. Beit al-Ajaib, iliyonusurika siku ile, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Yaliyosalia ni maandishi ya upande mmoja na masimulizi ya kupokezana ya upande wa pili, ambayo bado hayajakusanywa kwa utaratibu. Tunawahimiza wanafunzi wa uzamili wanaotoka Unguja wayaulize, kuanzia Bububu na Mtoni hadi Malindi na Shangani: nani katika ukoo alikuwamo jumbani? Jina moja likipatikana na kuthibitishwa, makala ya ensaiklopidia yatakuwa yamepata neno ambalo tarakimu 500 haikuweza kulitamka.